Kabla ya taa na rangi ya maji, koki ya kumwagia iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo moja linaloniuma, hawa wenzetu wanaojijengea kompyuta za kupozwa kwa maji, zile unazofunga mwenyewe bomba moja moja, wanachagua kila kitu kwa makini sana, radieta, pampu, tangi, bloku ya kupoza prosesa, taa, mpaka rangi ya maji, halafu ukimuuliza mtu siku ya kuyabadilisha hayo maji utayatolea wapi anabaki anakuangalia. Hajafikiria kabisa. Na mimi sikufikiria, ndo maana naandika.

Mashine yangu ya kwanza haikuwa na sehemu ya kumwagia. Baada ya miezi kama kumi hivi nikaona maji yameingia ukungu nikasema leo nabadilisha, nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikatandika mataulo, nikatafuta fitingi (kiungio cha bomba) ya chini kabisa ambayo mkono wangu unafika, kumbe ndo ile ya kwenye kadi ya picha. Nilipolegeza mizunguko miwili tu maji yakashuka juu ya kadi, yakaingia kwenye sloti ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta), mkono mmoja umeshika bomba, kidole cha mkono mwingine kinaziba tundu, na ndoo iko mbali. Nilikausha siku tatu. Kadi ilipona, ile sloti haijafanya kazi tena mpaka leo. Watu wanasema maji yasiyo na madini hayapitishi umeme, sawa, yakiwa bado kwenye chupa yake yanapitisha kidogo sana, lakini yakishazunguka miezi kwenye shaba na nikeli na ile dawa uliyochanganya, hayo yanapitisha tu vizuri.

Sasa ununue nini. Mimi nasema koki, ile ndogo ya kugeuza robo mzunguko, ndani ina gololi iliyotobolewa katikati, ukigeuza mkono wake nyuzi 90 tundu linalingana na bomba maji yanapita, ukirudisha yanakata. Lakini usinunue koki peke yake ukadhani umemaliza. Koki nyingi ni jike pande zote mbili, yaani hesi (yale meno ya kuzungushia) iko ndani ya tundu, na tii nyingi, kile kiungio cha njia tatu cha kuunganisha koki na bomba, nazo ni jike pande zote tatu, kwa hiyo ukizileta nyumbani hazishikani, unahitaji nipo ya dume kwa dume katikati, kipande kifupi chenye hesi ya nje ncha zote mbili, na hiyo nipo ndo kitu watu wanasahau kila siku halafu kazi inalala wiki nzima inasubiri kifaa cha ukubwa wa kidole.

Hesi ni ya kipimo cha G1/4, karibu vifaa vyote vya kazi hii vinatumia hiyo. Hapa waliozoea bomba za nyumbani wasikilize vizuri, hii hesi imenyooka, haibani kwa kukaza, kinachozuia maji ni oringi, ile pete ya mpira. Usizungushe uzi tepu, usishike spana, kaza kwa mkono mpaka oringi ibonyee, basi. Tangi la akriliki ukilikaza kwa nguvu linapasuka pale pale kwenye tundu. Na kuna hesi nyingine ya NPT ya robo inchi, kwa macho zinafanana kabisa, ila hii ina meno 18 kwa inchi na G1/4 ina 19, itaingia mizunguko michache halafu inagoma, ukilazimisha umeiua radieta.

Kuhusu tii nina msimamo, nunua ile ambayo upande mmoja ni dume linalozunguka. Ya kawaida ukiikaza mpaka oringi ishike, tawi la koki linaweza kuishia linatazama juu, au linatazama madabodi, na huwezi kulirudisha nyuma bila kulegeza. Hiyo ya kuzunguka unaikaza kwanza ndo unaigeuza itazame chini. Ina oringi zaidi, kweli, na ni ghali zaidi, ila kwa hii sehemu moja mimi silalamiki. Kama pampu yako au radieta ina tundu la ziada huko chini basi achana na tii kabisa, funga koki hapo.

Mahali pake ni chini kuliko vyote, maana maji yaliyo chini ya koki hayatoki yenyewe, utabaki unainamisha boksi huku na huku. Na hata ukiipata sehemu ya chini kabisa pima kwanza kama mkono wa koki una nafasi ya kugeuka bila kugonga kava ya pawa saplai. Koki ndefu isining'inie yenyewe kwenye tangi la akriliki pia, siku ukihamisha mashine ikagonga kitu ni tundu la tangi ndo linaumia.

Mwisho wa koki funga plagi. Hii nasisitiza, kwa sababu mkono wa koki unaweza kuguswa na waya au mtu anayefuta vumbi, plagi ikiwepo hakuna kinachomwagika. Siku ya kumwaga unatoa plagi unafunga fitingi yenye mpira mrefu unaofika kwenye ndoo, ndo unafungua koki.

Na maji yakitoka kidogo yakakata usidhani koki ni mbovu, fungua kifuniko cha juu cha tangi hewa iingie, yatashuka yenyewe. Pampu usiiwashe kusaidia kusukuma wakati tangi linakauka, hizi pampu zinalainishwa na maji yenyewe.

Wengine wananiambia bora zile fitingi za kuchomoa haraka zinazojifunga zenyewe. Ni nzuri kwa kutoa kadi bila kumwaga mfumo mzima, ninazo mbili, lakini ukizipitishia njia kuu zinapunguza mtiririko, na kwa kumwagia tu koki inatosha.

Ombi langu kwako Mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia ukitoa tena picha ya mashine ya maji, mpiga picha ashuke na huku chini atuonyeshe koki yake imefungwa wapi.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.