Barua ya wazi kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar: takwimu zako za ajira zinasomwa nusu

Ndugu Mtakwimu Mkuu,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Wete, Pemba. Nilikuwa miongoni mwa makarani wa sensa ya Agosti 2022, wale mliotupa vishikwambi tukapita nyumba kwa nyumba, sheha katutangulia mbele. Kwa hivyo simo katika wale wanaosema barazani kuwa takwimu zote zinapikwa. Nimeona zinavyokusanywa. Langu ni lile linalozikuta zikishatoka ofisini kwenu, na ukimya wenu wakati huo.

Tuanze na suala lenyewe. Katika utafiti wa nguvu kazi mtu huulizwa kama ndani ya siku saba alifanya kazi yoyote ya malipo au faida, japo kwa muda wa saa moja. Akijibu ndiyo, huyo ana ajira. Kipimo si chenu, ni cha Shirika la Kazi Duniani, na waliokiweka walikuwa na hoja: kila kazi, hata ndogo, ionekane katika hesabu za uchumi wa nchi. Sina tatizo nao. Lakini tukilete Micheweni.

Mama wa mwani hushuka pwani siku za bamvua, maji yanapokauka. Hufunga mbegu, huvuna, hubeba kichwani, huanika, kisha humngoja mnunuzi aje na mzani wake na bei yake. Maji yakiwa mafu, pwani hapashukiki. Katika jedwali mama huyu ana ajira sawasawa na karani wa benki pale Chake Chake. Kijana anayeendesha bodaboda ya mtu, akapata abiria wawili kutwa nzima na jioni akadaiwa hesabu ya tajiri, naye ana ajira. Mchumaji wa karafuu anayelipwa kwa pishi ana ajira pia, ilimradi karani amemkuta msimuni. Najua ripoti za nguvu kazi huwa na jedwali la saa za kazi na la wale wanaotaka kazi zaidi wasiipate. Sijapata kulisikia likisomwa kwenye mkutano wa hadhara.

Na kwa kipimo hichohicho cha kimataifa, ili uhesabiwe huna kazi, haitoshi kuwa huna. Lazima uwe tayari kufanya, na uwe umetafuta. Hapa ndipo Pemba inapopotea machoni mwa wasomaji wa takwimu. Kijana wa Konde aliyemaliza chuo atatafuta wapi? Hoteli kwetu ni za kuhesabu kwa vidole, viwanda ndiyo hivyo tena, na nafasi za serikali zikitangazwa wanaziomba umati. Huomba, huomba tena, kisha huacha, akabaki anamsaidia babake shambani kwa muhogo wa kula nyumbani. Tangu watakwimu wa kazi walipokutana Geneva mwaka 2013, kulima kwa ajili ya chakula cha nyumbani hakuhesabiwi tena kuwa ajira. Kwa hivyo kijana huyu hana ajira, na wala hakosi ajira: yuko nje ya nguvu kazi. Akikata tamaa yeye na wenzake wa maskani nzima, kiwango cha ukosefu wa ajira kinashuka. Tutapongezana kwa hilo?

Wapo pia waliopanda boti. Aliyekwenda Unguja au Dar es Salaam atahesabiwa hukohuko. Aliyevuka kwenda Mombasa au Oman hayumo kabisa katika hesabu zetu. Pemba tulikuwa watu 543,441 katika sensa ile, na kila nyumba niliyoingia ilikuwa na jina la mtu aliye safari.

Sasa siasa. Kwenye kampeni za 2020 tuliahidiwa ajira 300,000. Zanzibar nzima tulihesabiwa watu 1,889,773 mwaka 2022, hivyo hiyo ni karibu ajira moja kwa kila watu sita, vichanga wakiwemo. Ahadi kubwa si dhambi. Dhambi ni namna ya kuihesabu. Mradi wa hoteli ukiidhinishwa, tunatajiwa ajira zinazotarajiwa. Fundi aliyejenga ukuta miezi mitatu ni ajira iliyozalishwa, na ukuta ukisimama hakuna anayemtoa katika jumla. Ni kupima karafuu pamoja na makonyo, yaani vijiti vyake, jambo ambalo mkulima wa kwetu akilifanya anarudishiwa gunia. (Na sisi makarani wa sensa, hivi tumo katika hizo ajira? Nauliza tu.)

Jumla ya namna hiyo haitoki kwenye utafiti wako. Lakini jukwaani husemwa sambamba na kiwango chako cha asilimia, kwa pumzi moja, na msikilizaji hudhani zote ni za Mtakwimu Mkuu. Wapinzani nao hawana nafuu: huchukua asilimia iliyo mbaya zaidi, ya vijana au ya wanawake, wakaisema kama ni ya nchi nzima.

Februari 2022, Uingereza, Boris Johnson akiwa Waziri Mkuu alikuwa akirudia kusema kwamba walio kazini wamezidi idadi ya kabla ya korona. Sir David Norgrove, mwenyekiti wa mamlaka ya takwimu ya huko, alimwandikia barua iliyotangazwa hadharani: walioongezeka ni wa kwenye orodha za mishahara, na waliojiajiri wamepungua zaidi ya hapo. Barua fupi, ya adabu. Najua pia kwamba Agosti 2025 Rais Trump alimfukuza Erika McEntarfer, mkuu wa takwimu za kazi Marekani, siku ileile takwimu zilipotoka mbaya. Sikutajii kukutisha. Ila ofisi yako imesimama kwa Sheria Namba 9 ya 2007, si kwa ilani ya chama chochote.

Ninachokuomba ni barua kama ile ya Norgrove, kila takwimu yako ya ajira itakapopotoshwa, awe mpotoshaji ni waziri au mpinzani. Na ripoti ijayo ya nguvu kazi itakapozinduliwa, wageni wakiwa wamekaa na kamera zimewashwa, kisomwe kwanza kiwango cha ukosefu wa ajira, na papo hapo saa za kazi kwa wiki, kisha idadi ya walioacha kutafuta, Pemba ikisimama peke yake. Kwa wilaya najua sampuli huwa ndogo. Basi hata kwa mikoa yetu miwili.

Wassalaam,
Karani wa sensa ya 2022, Wete, Pemba