Mnaniita dokta, ila mimi sio dokta

Wiki iliyopita jioni kaja mdada na mtoto mgongoni, kafika tu kaunta ya duka letu la dawa akasema dokta naomba dawa ya kifua ya mtoto, ile nyekundu. Nikamwambia mshushe kwanza nimuone. Mtoto ana miezi tisa, kafunikwa khanga mpaka kichwani. Nikamfunua tumbo, nikawasha saa ya sekunde kwenye simu nikahesabu pumzi dakika nzima, zikafika 58, na kila akivuta hewa pale chini ya mbavu panabonyea ndani. Mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka akifikisha pumzi 50 kwa dakika ni nyingi, akishavuka mwaka mpaka miaka 5 ni 40. Hiyo haikuwa shida ya dawa nyekundu. Sikumuuzia kitu, nikaita boda aende kituo cha afya moja kwa moja, nikamwandikia kwenye kikaratasi ile 58 na saa niliyohesabu. Walimlaza siku hiyohiyo, sasa hivi anaendelea vizuri.

Sasa yule mdada alikuja kwangu akiwa ameshaipita zahanati njiani, sio kwamba hajali mtoto, alimbeba kilomita nzima. Aliniambia "dada mi najua nyie wote ni madokta." Ndio maana nimekaa leo kuandika hii, kwasababu wateja wengi hapa dukani kwetu Songea wanajua hivyohivyo, yeyote mwenye koti jeupe ni dokta, halafu mtu anapoteza siku tatu anazunguka na ugonjwa mkononi.

Nianze na sisi. Hapa ni duka la dawa muhimu, DLDM, sio famasi. Haya maduka yalianzia hukuhuku kwetu Ruvuma mwaka 2003, kabla ya hapo yalikuwa yanaitwa maduka ya dawa baridi, na yaliletwa ili watu wa mbali na famasi wapate dawa za msingi kwa mtu aliyefundishwa kutoa dawa. Mimi kwa taaluma ni muuguzi, nikasomea na utoaji dawa. Naruhusiwa kukupa panadol, ORS na zinki za kuhara, dawa mseto ya malaria, na antibiotiki chache zilizo kwenye orodha, tena hizo uje na cheti cha kuandikiwa dawa. Siruhusiwi kukuchoma sindano wala kukutundikia dripu hapa. Ukiniambia nikuchome "sindano za masaa" nikakataa usione nakuringia, dawa ile ikikukataa mwilini hapa sina kitanda, sina oksijeni, sina kitu cha kukurudisha. Famasi yenyewe inasimamiwa na mfamasia, mtu wa digrii ya dawa, anakaa na dawa nyingi kuliko mimi, ila na yeye hakupimi ugonjwa.

Anayekupima na kukuandikia dawa ukienda zahanati mara nyingi ni tabibu. Huyu kasoma stashahada miaka 3 chuo cha afya, na magonjwa yanayowaleta watu wengi hapa mtaani, malaria, kuhara, vifua, UTI, majeraha, anayajua vizuri kwasababu ndio anayaona kuanzia asubuhi mpaka jioni. Watu wanamdharau eti sio daktari kamili, mi naona mnakosea sana. Daktari kasoma chuo kikuu miaka 5 halafu akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitali, ndio unamkuta hospitali ya wilaya na kwenye vituo vya afya vingi siku hizi. Bingwa ni huyo daktari akarudi shule tena miaka kama mitatu au zaidi akabaki na eneo moja, watoto, wakinamama, upasuaji, mifupa, macho. Mbobezi kasogea tena mbele ya bingwa, mfano bingwa wa magonjwa ya ndani akaenda kusomea moyo peke yake. Na nesi ni taaluma yake kamili, ana leseni ya baraza lake, sio dokta aliyeshindwa. Usiku wodini nesi ndio anakuwa wa kwanza kuona hali imebadilika, mkimjibu vibaya mnajinyima wenyewe.

Maabara nako wanaosoma kipimo ni wateknolojia wa maabara, kazi yao kukupa majibu, kutafsiri ni ya tabibu au daktari. Hili naling'ang'ania kwasababu kuna watu wanapita maabara ya mtaani wanapima, wanakuja hapa na karatasi imeandikwa "typhoid positive" wanataka antibiotiki ya cipro. Hakuna aliyemgusa tumbo, hakuna aliyemuuliza homa imeanza lini. Kile kipimo cha damu cha taifodi cha haraka kinaweza kusoma positive hata kama huumwi taifodi sasa hivi. Ukija na karatasi bila cheti nitakurudisha, utanichukia, sawa tu. Dawa ikitumika hovyo vimelea vinazoea, siku ukiihitaji kweli haikusaidii.

Sasa twende kwenye ngazi za kutibiwa. Ya chini kabisa ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayepita nyumbani kuuliza mjamzito kaanza kliniki lini. Halafu zahanati, ambayo mpango wa serikali ni kila kijiji kiwe nayo. Pale kuna tabibu, wauguzi, chanjo, kliniki ya mama na mtoto, kipimo cha malaria cha kutoboa kidole unasubiri dakika 15 hivi, na kuzalisha kwa uzazi usio na shida. Kituo cha afya ni cha kata, kinalaza, kina maabara kubwa kidogo, na vingi siku hizi vina chumba cha upasuaji, kwahiyo mama akishindwa kujifungua kawaida anaweza kufanyiwa palepale. Juu yake hospitali ya wilaya, halafu rufaa ya mkoa, hapa kwetu ndio Homso mnayoijua wote, na Peramiho ya wamisionari nayo inapokea wengi sana. Ikishindikana hapo unapelekwa kanda, kwa sisi wa Ruvuma kwa miaka mingi imekuwa Mbeya, basi linazunguka Njombe na Makambako, safari ya siku nzima na mgonjwa. Wenzetu wa kanda ya ziwa wanaenda Bugando, kaskazini KCMC. Mwisho kabisa ndio Muhimbili na zile za ugonjwa mmojammoja, MOI ya mifupa na ubongo, Jakaya Kikwete ya moyo, Ocean Road ya saratani, Mirembe kule Dodoma ya afya ya akili, Kibong'oto ya kifua kikuu.

Kinachowaumiza wateja wangu ni kuruka. Kuna mteja mmoja, nisimtaje, aliuza mahindi gunia kadhaa akampeleka mama yake mpaka Dar kwenye hospitali kubwa kwasababu jirani kasema "nenda kwa mabingwa". Hakuwa na barua ya rufaa. Wakalala kwa ndugu siku nne, wakaambiwa vipimo vingine wangefanyiwa mkoani tu, na bima ikagoma. Mama alikuwa na sukari, dawa alizoandikiwa ni metformin, ambayo hospitali ya wilaya ingempa na angerudi nyumbani jioni. Iliniuma kweli, na yule mama ni mtu wa kunisalimia kila akipita.

Barua ya rufaa sio urasimu. Ile karatasi imebeba presha yako, vipimo ulivyofanya, dawa ulizopewa na sababu ya kupelekwa, kwahiyo daktari wa juu haanzi sifuri. Hata CHF iliyoboreshwa, ile bima ya jamii iliyokuwa elfu 30 kwa kaya ya watu 6, ilipangwa hivyo, ulikuwa unaanzia zahanati au kituo ukipandishwa unapanda na barua mpaka rufaa ya mkoa. Ukiona unastahili kupandishwa na hupandishwi, omba kuonana na mganga mfawidhi wa kituo, huyo ndio mkuu wa pale, na juu yake yupo mganga mkuu wa wilaya. Hao ni waganga wa serikali jamani, sio wa tunguri, kuna bibi aliwahi kukataa kabisa kwenda kumuona kwasababu ya hilo jina.

Dharura haina ngazi. Ajali, mtu kapoteza fahamu, degedege, damu haikati, mtoto anatapika kila kitu au hawezi kunyonya, nenda penye kitanda na daktari palipo karibu zaidi, barua itakuja baadaye. Mjamzito, aliyejifungua karibuni au kichanga kikibadilika hali, piga 115, ni bure, ndio namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, na wanatafuta gari la kumpeleka. Iandike mlangoni kwa ndani, usiku simu ikiwa na asilimia mbili hutakumbuka namba.

Kwa upande wetu hapa dukani tunakufanyia hivi. Ukija na cheti nakisoma na wewe, dozi inaanza lini inaisha lini, naandika kwenye boksi kwa kalamu nene, asiyejua kusoma namchorea jua na mwezi. Ukija bila cheti nakuuliza maswali kwanza, nani mgonjwa, umri, tangu lini, ametumia nini, usikasirike foleni ikirefuka. Nikiona hali sio ya dukani naandika kikaratasi kama kile cha mtoto na nakwambia uende wapi, hiyo hulipii. Njoo na maboksi ya dawa unazotumia nyumbani, hasa wazee wa presha na sukari, kuna babu alikuwa anameza dawa ileile mara mbili kwasababu maboksi yana majina tofauti, tukagundua tumeyapanga yote hapa juu ya kaunta.

Tunafungua saa 2 asubuhi mpaka saa 3 usiku, Jumapili baada ya ibada. Ukigonga usiku wa manane nitaamka, ila kama mgonjwa kazidiwa sitafungua duka, nitatoka na tochi tutafute usafiri.