Mabondia wastaafu watufundishe wazazi kupiga gunia

Mhariri,

Naandika kuwaomba makocha wa ndondi na mabondia wastaafu wa Nakuru watutengee sisi wazazi saa moja kwenye kumbi zao, au waje majumbani mwetu kwa malipo, watufundishe kupiga gunia la mazoezi ya ndondi kabla hatujaumia. Magunia tunayo tayari. Mtaani kwetu Kaptembwo nayaona yakining'inia kwenye veranda za ploti, na wenzangu wa Shabab na Free Area wananiambia kwao ni vivyo hivyo. Tunachokosa ni mtu wa kutuonyesha.

Mimi ni fundi cherehani na mama wa watoto watatu, kitinda mimba bado hajaanza shule. Nafungua duka asubuhi, nafunga giza likiingia, na kutwa nzima nimeinamia mashine. Mabega yalikuwa yamekakamaa, presha nayo ikaanza kupanda, daktari akaniambia nifanye mazoezi. Jimu ya mjini inataka nauli, ada ya mwezi, na mtu wa kubaki na watoto. Kukimbia barabarani usiku, kwa mwanamke, ni hatari nyingine. Gunia liko mlangoni pangu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi mazito. Gunia ni zoezi zito, utalijua hilo kabla raundi ya kwanza haijaisha. Raundi ni dakika tatu, mapumziko dakika moja; raundi sita pamoja na mapumziko yake ni dakika 23, na maharagwe yanachukua zaidi ya hapo kuiva. Dakika moja yatosha kufunua sufuria, kuongeza maji na kuchungulia daftari la mtoto anayeandika. Kifungua mimba wangu ndiye mwenye kengele. Anashika simu yangu na kijiko, na muda ukiisha anagonga sufuria tupu. Yule mdogo hukaa ndani, mlango umefungwa, kwa sababu gunia likiyumba linaweza kumwangusha mtoto vibaya, na kwangu sheria hiyo haijadiliwi.

Kwa kuwa nashona, wateja wameanza kuniagiza magunia, kwa hiyo niseme ninachokijua. Natumia turubai la lori, tabaka mbili, sindano namba 18 na uzi wa nailoni. Pale kitako kinapokutana na mwili wa gunia napitisha mishono mitatu sambamba, maana ndipo linapopasukia. Masikio ya kuning'inizia nayakata kutoka kwa mikanda ya magari makuukuu. Ndani natia nguo peke yake: vipande vinavyobaki dukani na mitumba isiyouzika. Kila zipu, kila kifungo, kila kulabu naing'oa kwanza, kwa kuwa kifungo cha jinzi kikikaa karibu na turubai kitakuchana kidole hata ukiwa na glavu nyepesi. Kisha nashindilia safu kwa safu kwa mpini wa jembe. Kwa kipimo cha mabondia, gunia liwe karibu nusu ya uzito wa mwili wako, mwenye kilo 70 apate la kilo 35 hivi. Likiwa jepesi mno litakukimbia kila ukiligusa. Nguo zikishajishindilia chini na juu kubaki tepetepe, unafungua unaongeza.

Mengi yanayouzwa kando ya barabara yamejazwa mchanga. Mchanga hauna gharama na unaleta uzito upesi, lakini unateremka, na baada ya muda nusu ya chini ya gunia inakuwa ngumu kama ukuta. Mwuzaji hakuambii. Mchanga kwangu una kazi moja tu: kujaza mifuko inayokandamiza miguu ya fremu ya chuma niliyochomelewa na fundi wa jua kali, baada ya mwenye nyumba kunikataza kutoboa boriti yake. Alikuwa na haki. Boriti za nyumba zetu za mabati hazikuwekwa pale zibebe uzito unaoyumba.

Jirani yangu, kijana wa bodaboda na baba wa mapacha, alinunua gunia la mchanga akalipiga kwa mikono mitupu. Mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole cha mwisho ukavunjika. Ni jeraha la kawaida kwa asiyefundishwa, kwa kuwa ngumi yake hutua upande wa vidole vidogo, ambako mifupa ni dhaifu. Akafungwa plasta, pikipiki ikasimama wiki nyingi, na kodi ya nyumba haikusimama. Nikimwona sasa akikunja ule mkono polepole kila asubuhi kabla ya kushika usukani, nakasirika. Mtu alitaka tu kuwa na afya ili awalee wanawe.

Mimi niliponea kwa bahati ya kazi yangu. Mzee mmoja aliyewahi kupigana ulingoni aliniletea suruali nimpunguzie kiuno, akaliona gunia nililokuwa nalishona, akauliza ni la nani. Nikamwambia ni langu. "Mama, na mikono utaifunga na nini?" Sikuwa na jibu. Akanifundisha. Bandeji ya mita nne na nusu: kitanzi kwenye dole gumba, kifundo cha mkono kizungushwe mara tatu, kisha juu ya vifundo vya vidole, kisha kati ya kidole na kidole, urudi umalizie kwenye kifundo cha mkono. Dole gumba likae nje ya ngumi. Vinavyotua ni vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, na kifundo cha mkono kiwe kimenyooka.

Jioni za mwanzo hakuniruhusu hata kuligusa gunia. Alinizungusha tu kulizunguka, mguu wa kushoto mbele, kisigino cha kulia juu, mikono mashavuni. Halafu akaniruhusu ngumi moja, ya kushoto, iende na irudi shavuni ilikotoka, nikitoa pumzi inapotua. Na hapo akafanya jambo ambalo sijaliona kwenye video yoyote ya simu: akanigeuzia mgongo, akaketi kwenye stuli akisikiliza. Ngumi inayosukuma inatoa sauti nzito ya mzigo kuangushwa, na gunia linaondoka. Ngumi iliyopigwa sawasawa inalia pa!, kavu, na gunia linatetemeka palepale lilipo. "Kiwiko kimetoka nje hicho," alikuwa akisema, bila kugeuka. Nikikirudisha, sauti inabadilika. Sasa mimi mwenyewe nasikia.

Ujuzi huo umejaa nchini humu, Mhariri. Mwaka 1968 kule Mexico, Philip Waruinge alirudi na medali ya shaba, lakini Kombe la Val Barker, wanalopewa mabondia kwa ufundi wao katika Olimpiki, lilikwenda kwake na si kwa yeyote aliyetwaa dhahabu. Miaka minne baadaye akapata medali ya fedha kule Munich. Robert Wangila alileta dhahabu kutoka Seoul mwaka 1988. Wanawake waliporuhusiwa ndondi za Olimpiki kwa mara ya kwanza, London mwaka 2012, Elizabeth Andiego alikuwako kwa niaba yetu. Conjestina Achieng' wa Siaya aliwafanya mama zetu, ambao hawakuwa na habari na ndondi, waulize anapigana lini tena. Na Christine Ongare, aliyeshinda shaba ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018, ni mama kama mimi.

Wako pia wengi ambao majina yao hayakufika magazetini, na ujuzi ni ule ule. Hapa mtaani namjua mmoja anayelinda geti usiku na mwingine anayesukuma mkokoteni wa maji. Sisi wazazi tunalipa walimu wa tuisheni waje kuwafundisha watoto hesabu sebuleni. Kwa nini bondia naye asilipwe kwa somo lake? Wazazi watano tukichanga shilingi 300 kila mmoja ni 1,500 kwa saa moja ya Jumamosi. Masomo machache yanatosha kujua kufunga mkono, kusimama na kupiga ngumi tatu za msingi. Mengine mtu ataendelea nayo nyumbani kwake huku chakula kikiiva.

Wapo wanaosema mama akifundishwa ngumi nyumba itakuwa na vita. Nyumba yangu haina vita. Wanangu wanajua mkono uliofungwa bandeji ni wa gunia, si wa mtu, na wamelijua hilo kwa kuniona nikizifunga na kuzifungua kila jioni. Nami nikitoka pale hasira za wateja wasiolipa zimeshaniisha, naketi na watoto nikiwa na subira ambayo zamani sikuwa nayo saa hizo.

Basi ombi langu kwa wasimamizi wa kumbi za ndondi mjini ni saa tisa hadi saa kumi alasiri, Jumamosi, kwa wazazi, tuje na watoto wetu wakae kando watutazame. Tuambieni ada, tutalipa. Kwa upande wangu, mzazi yeyote atakayeniletea turubai na nguo kuukuu nitamshonea gunia kwa bei ya uzi tu, kwa sharti moja: anionyeshe kwanza kwamba anajua kufunga bandeji.

Mama fundi cherehani,
Kaptembwo, Nakuru