Mwacheni mtoto aje Chiromo

Nairobi, Julai

Somo yangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, Mama na watoto wote. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya Julai ndiyo inayotutesa. Alhamdulillahi kwa kila hali.

Habari ya mwanetu kuitwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Chiromo, kusomea fizikia ilinifurahisha hata usingizi ukaniruka. Kisha nikasoma yale uliyoandika chini yake: ami yake hataki, anasema mtoto wa kike atapotea Nairobi, na kwamba mwisho wa sayansi hiyo ni kumtilia shaka Mwenyezi Mungu. Umeniuliza kama nina la kusema. Ninalo, tena jingi, na nimeona heri niliandike kuliko kulisema kwa simu nikapandisha sauti. Ukiona linafaa, msomee ami. Nayaandika kwa heshima zake zote.

Nianze na kibla, kwa sababu ami ni mtu wa msikiti. Sisi wa Nairobi tukisimama kuswali huelekea kaskazini, tukapinda kama digrii saba upande wa mashariki. Nyinyi Lamu mnapinda digrii mbili au tatu upande wa magharibi. Makka haionekani kutoka huku wala huko, basi nani alijua? Walijua watu wa hesabu, na hesabu yenyewe, ya pembe juu ya tufe, ilikuzwa sana na Waislamu waliotaka kuswali sawasawa. Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarizm mwaka 973, aliandika kitabu kizima cha namna ya kujua miji iko wapi juu ya uso wa dunia, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kuupatia mji wa Ghazna kibla sahihi. Mtu huyohuyo alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika Pakistan ya leo, akapima upeo wa macho unashuka kiasi gani chini ya usawa wa jicho, na kwa kipimo hicho akakokotoa ukubwa wa dunia. Kazi zote mbili zilitoka katika kichwa kimoja, na sioni popote alipoona kwamba ya pili imemtoa katika ya kwanza.

Na ami asiniamini mimi. Tarehe 15 na 16 za mwezi huu jua litapita juu kabisa ya Al-Kaaba, saa sita na dakika 27 mchana kwa saa zetu, maana saa zetu na za Makka ni zilezile. Asimamishe kijiti wima uani, mahali pasipofikwa na kivuli cha ukuta wala mnazi. Dakika hiyo ikifika kivuli kitalala upande wa kusini. Kutoka ncha ya kivuli kuja kwenye shina la kijiti, huko ndiko kibla kiliko. Alinganishe na mihirabu ya msikiti wenu. Jua hupita hapo mara nyingine tarehe 27 na 28 Mei, saa sita na dakika 18, na hiyo ndiyo ninayoitumia skulini kwa sababu muhula huwa unaendelea. Kijana mmoja wa Eastleigh, aliyehifadhi Kurani duksi, yaani chuo cha Kurani cha Wasomali, kabla hajaja kwetu, aliniuliza hesabu ile inafundishwa kidato cha ngapi. Nikamwambia mwanzo wake ni kidato cha nne, mada ya latitudo na longitudo, ile ambayo wanafunzi wengi huiruka kwa kuiogopa. Hakuiruka.

Sasa juu ya imani. Hapa sitaki kushindana na ami kwa maneno yangu. Yeye anaijua vizuri kuliko mimi hadithi ya siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (s.a.w.). Jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake. Hebu fikiri, somo. Baba aliyefiwa angeweza kunyamaza tu, na watu wangezidi kumwamini kwa uzushi wao wenyewe. Hakukubali jambo lisilo la kweli lisemwe juu ya jua, hata kwa heshima ya mwanawe. Mimi kila nikiikumbuka hadithi hii nagutuka.

Imamu Ghazali naye, ambaye Ihya yake inasomwa darsani pwani nzima, aliwapinga wanafalsafa katika kitabu chake cha Tahafut, lakini mwanzoni mwa kitabu hichohicho alisema wazi kwamba hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi zimethibiti, na anayedhani kuzikanusha ni kuitetea dini, huyo anaidhuru dini. Wako wasomi wanaomlaumu kwamba ndiye aliyeizima sayansi ya Waislamu. Siwaamini. Ghazali alifariki mwaka 1111. Chuo cha kutazamia nyota cha Maragha, katika Iran ya leo, kilianza mwaka 1259. Ibn al-Nafis, aliyeeleza jinsi damu inavyopita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo hadi mwingine, alifariki Kairo mwaka 1288. Ibn al-Shatir alikuwa mtunza nyakati za swala katika Msikiti wa Umayya, Damascus, akafariki mwaka 1375, na mpangilio wake wa mwendo wa mwezi unalingana na ule uliokuja kuonekana katika kitabu cha Copernicus, mnajimu wa Ulaya aliyesema dunia inalizunguka jua, cha mwaka 1543. Aliyetengeneza hayo alikuwa mfanyakazi wa msikiti!

Kuporomoka kulikuja taratibu na kwa njia nyingi. Vita, miji kubomolewa, biashara kuhama njia. Na maamuzi ya watu pia. Istanbul walimjengea Taqi al-Din mnara wa kutazamia nyota mwaka 1577, na mwaka 1580 sultani yuleyule akaamuru ubomolewe. Kitabu cha kwanza cha Kituruki kilichopigwa chapa mjini humo kilitoka mwaka 1729, karibu karne tatu baada ya Ulaya kuanza kupiga chapa. Hayo yananiuma, na nadhani yanapaswa kutuuma sote.

Lakini kwetu pwani tuna kidonda chetu. Skuli zililetwa na wamisionari: Rabai tangu mwaka 1846, kisha Freretown. Wazee wetu waliogopa mtoto akiingia mle atatoka na jina jingine, na hofu yao haikuwa ya kijinga, kwa sababu wapo waliotoka hivyo. Ubaya ni kwamba hofu ilirithiwa kama nyumba ya urithi, hata na wajukuu ambao hawakuwahi kumwona mmisionari. Tukagawanya elimu mafungu mawili, ya dini na ya dunia, la kwanza tukalipa heshima na la pili tukaliendea kwa shingo upande. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliliona hilo mapema kule Mombasa. Alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawauliza Waislamu waziwazi kwa nini wameachwa nyuma, na akawataka wasome elimu za kisasa bila kuitupa dini yao. Baadaye akawa Kadhi Mkuu. Ami hawezi kusema yule alikuwa mtu wa Wazungu.

Na fedha zilipatikana watu walipotaka. Taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, ile iliyoitwa MIOME, ilifunguliwa mwaka 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, pamoja na serikali ya kikoloni. Ilifundisha ufundi, umeme na ubaharia. Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin, alikuwa karani pale kabla hajaenda kusoma Uingereza. Leo majengo hayo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Sisi wa leo tunajenga misikiti mizuri, na Mungu awalipe wanaoijenga, lakini ni lini ulisikia mtu ameweka wakfu maabara? Maragha iliendeshwa kwa mapato ya wakfu. Tumekuwa na Chuo Kikuu cha Kiislamu Mbale, Uganda, tangu 1988, tuna Umma University hapa Kajiado, nami nafurahi kwa vyote viwili. Shida ni kwamba kufungua darasa la sheria au biashara ni rahisi: viti, ubao, mwalimu. Fizikia na kemia hudai vyombo kila mwaka, na anayevilipia haonekani jina lake ukutani. Hilo ndilo ningependa matajiri wetu wa Eastleigh na South C walifikirie.

Kuna jambo jingine nitalisema hata kama ami ataliona kali. Hapa Nairobi kuna mihadhara inayozunguka kwenye simu, inasema kila kilichogunduliwa na wanasayansi kilikuwa tayari ndani ya Kurani. Watu huitikia takbiri na kwenda nyumbani wameridhika. Mimi mihadhara hiyo hainifurahishi. Inangoja mtu mwingine ateseke maabara miaka thelathini, kisha inakuja kudai matunda. Ibn al-Haytham, mwanasayansi Mwislamu wa kale aliyechunguza nuru, hakufanya hivyo. Alikaa na chumba cha giza, tundu na taa, akajaribu, akajaribu tena, mpaka akaonyesha kwamba tunaona kwa sababu nuru inaingia jichoni. Kurani ni uongofu, na imetuamrisha tutazame na tuzingatie. Kutazama ni kazi, na kazi hiyo haifanywi kwa kupiga makofi.

Mambo yanabadilika lakini, somo, na wanaoyabadilisha zaidi ni watoto wa kike. Tunisia, Algeria, Malaysia, leo vyuoni wasichana ni wengi kuliko wavulana. Maryam Mirzakhani alizaliwa Tehran, akasoma palepale shahada ya kwanza, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupewa nishani ya Fields, ambayo kwa watu wa hisabati ndiyo kubwa. Saratani ilimchukua mwaka 2017, ana miaka arobaini tu. Na yupo Abdus Salam wa Pakistan, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1979. Nchi yake ilitangaza mwaka 1974 kwamba watu wa madhehebu yake, Ahmadiyya, si Waislamu, na hata kaburini neno "Mwislamu" likafutwa juu ya jiwe lake. Ami ana msimamo wake juu ya madhehebu yale, sibishani. Nasema tu kwamba kituo alichokianzisha Trieste mwaka 1964 kimewafundisha wanafizikia wengi wa Afrika bila kumuuliza mtu dini yake.

Nimalizie kwenu, Lamu. Unakumbuka mambo ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa pale Kwasasi, megawati 1,050. Ripoti ya mazingira ilipotoka, ilizungumzia moshi, jivu na maji ya moto yatakayorudi baharini walipo samaki wetu. Ni wangapi kati yetu waliweza kuifungua na kusema ukurasa huu una kasoro? Wenzetu walisimama imara, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta leseni. Walishinda, Mungu awajaze kheri, ila ilibidi watafute wataalamu nje ya kisiwa. Bandari tayari imejengwa, na ripoti nyingine zitakuja. Nataka siku hiyo mtu wa kuzisoma awe ametoka Langoni au Mkomani, anayejua upepo wa kusi na kaskazi kwa ngozi yake na kwa hesabu pia. Kwa nini asiwe mwanetu?

Habib Swaleh alipowafungulia darsa watu ambao wakubwa wa mji hawakuona kama wanastahili elimu, si walinung'unika? Leo kila mtu wa Lamu anajivunia Riyadha, msikiti na chuo alichokiasisi. Mkumbushe ami hilo kwa upole, wakati amekwisha kunywa kahawa.

Kuhusu kupotea Nairobi: Chiromo ni mahali pa utulivu, kuna miti mingi, na wanafunzi Waislamu wana chama chao na mahali pa kuswalia. Ijumaa jioni atakuja kwangu South C, atalala mpaka Jumapili, nami nitamjua rafiki zake mmoja mmoja. Maktaba ya Msikiti wa Jamia iko katikati ya mji, atasoma dini yake huko akitaka. Ami mwenyewe aje amlete, alale kwangu siku atakazo, aone kwa macho yake. Baba watoto amesema atampokea stesheni.

Kwa sasa mshughulikie maombi ya mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, mapema, mtandao hujaa siku za mwisho. Mtoe nakala za cheti cha kuzaliwa na za matokeo, zipigwe muhuri hukohuko. Kitanda cha hosteli kinaombwa na kulipiwa kabla ya kufika, kwa hiyo nijibu wiki hii kama ami amekubali. Pungufu ya muhula wa kwanza nitaitia mimi, hilo tusilijadili. Na mnunulie sweta mbili nzito, za Lamu hazitamfaa.

Wasalimie wote, Mama umbusu mkono kwa niaba yangu.

Wassalamu,
Somo yako