Mmemwoza nyanya yangu kwa shemeji yake

Umoja,
Nairobi.

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

KUH: KUUNGANISHWA KWA WATU WAWILI KATIKA MTI WA UKOO WETU BILA IDHINI

Mimi ni mteja wenu wa kulipia. Programu yenu ya kuchora miti ya ukoo imemtoa marehemu nyanya yangu katika nyumba ya babu na kumwandika mke wa pili wa shemeji yake. Kila nikiwaeleza, napata ujumbe ule ule wa mashine unaonishukuru kwa subira yangu. Subira hiyo sikuwaahidi.

Sisi ni Wakikuyu wa Murang'a. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, na wa pili jina la baba ya mama yake. Kwa wasichana ni vivyo hivyo kwa upande wa nyanya. Kwa hiyo ndugu wawili wakioa, kila mmoja huishia kuwa na kifungua mimba wa kiume mwenye jina moja na wa mwenzake. Babu yangu Karanja na kaka yake Mwangi walikuwa wana wa mzee Kamau. Kila mmoja akapata Kamau wake. Kamau wa Karanja ndiye baba yangu. Kamau wa Mwangi namwita baba mkubwa, na wote wawili wako hai, wanagombana kuhusu siasa kila wakikutana.

Walizaliwa mwaka mmoja, 1952. Nyanya alizoea kusema kwamba Kamau wa Mwangi alitangulia na baba akafuata karibu na serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, yaani Oktoba. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika. Kadi zao za ubatizo zina mwaka mtupu, na hakuna aliyewahi kuona shida hapo mpaka tulipokutana na kisanduku chenu cha tarehe. Ukiandika 1952 na kuhifadhi, programu inajijazia 1 Januari 1952. Kwenye jina la mwisho ni hivyo hivyo: inachukua jina la mzee wa juu kabisa na kuwabandika wote walio chini yake. Jina la baba, ambalo ndilo linatutofautishia Kamau huyu na yule, halina pa kukaa. Matokeo yake mkapata Kamau Kamau wawili, tarehe moja, kijiji kimoja, na mashine yenu ikaamua ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili.

Asubuhi nikakuta taarifa kwamba mti wetu "umesafishwa". Kwa kuwa mtu hawezi kuwa na baba wawili, programu ikambakisha Mwangi. Mama wawili hawakuishinda: wote ikawapanga chini ya Mwangi, Nyambura, nyanya yangu, akiwa wa pili. Babu Karanja yuko pembeni ya skrini peke yake, hana mke wala mtoto, kama mpangaji aliyefungiwa nje. Mimi na dada zangu tumekuwa wajukuu wa Mwangi.

Huenda huko mliko hili ni jambo la kuchekesha. Hapa mke wa pili maana yake ni nyumba ya pili, na nyumba ya pili maana yake ni shamba. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 40, inasema mwenye wake wengi akifa bila wosia, mali yake inagawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba. Kiungo cha mti huo nilikisambaza kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia kabla mti haujachezewa, kwa hiyo kiungo ni kile kile na kila mtu ameona. Kijana mmoja akauliza kama nyumba ya pili ya Mwangi ilishapewa sehemu yake. Alitania. Wazee hawakutania walipojibu.

Mhudumu wenu mmoja, wa pekee aliyeonekana kuwa binadamu, aliniambia nipakie vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili "ili kuthibitisha". Nithibitishe nini? Kwamba baba yangu na binamu yake ni watu wawili? Kisha nikaelezwa kwamba kitufe cha kuwatenganisha watu kiko kwenye daraja la juu la malipo. Yaani mnaharibu bure, mnatengeneza kwa pesa.

Wala msiseme mfumo hauwezi kupokea mwaka mtupu. GEDCOM, muundo wa faili ambao programu za nasaba zimekuwa zikibadilishana miti nao tangu 1984, unakubali mwaka peke yake na unakubali hata "takriban". Ni nyinyi mliochagua kujaza Januari.

Baba yu hai, na habari zake mlizo nazo ni za uongo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 26, inampa haki ya kusahihishiwa, na inawahusu hata walio nje ya nchi wanaoshughulikia data za watu waliomo humu. Kwa niaba yake, na ameniruhusu, naomba:

Mwatenganishe Kamau hao wawili na kumrudisha Nyambura kwa Karanja, bila malipo. Mzime uunganishaji wa kujiendesha kwenye mti wetu. Mnitumie faili nzima ya GEDCOM kama ilivyokuwa kabla ya "kusafishwa", kwa sababu ada ya mwaka ujao sitailipa kwenu.

Nisipopata jibu la maandishi kutoka kwa mtu, si mashine, ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko haya kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hapa Nairobi pamoja na picha za skrini, ambazo ninazo zote.

Wako mwaminifu,
Mjukuu wa Karanja
(jina kamili na nambari ya akaunti viko kwenye barua pepe hii)