Sururu yangu niliimaliza kwa kuipenda

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika kwenye ukurasa huu wiki iliyopita kwamba michezo ya kompyuta inawazoesha vijana kutupa: kifaa kikichakaa hakitengenezwi, kinachukuliwa kipya. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani hapa Tabora, nina miaka 51, na usiku nikishafunga kibanda nacheza Minecraft, mchezo wa kuchimba na kujenga, na mpwa wangu aliye chuoni Dodoma. Kila mtu na kompyuta yake, dunia moja. Naomba nafasi nimjibu, maana huyo bwana (au bibi, hakusema) nadhani hajawahi kusimama mbele ya fuawe ya mchezo ule, lile pande la chuma ambalo vifaa vinatengenezwa juu yake.

Sururu ya almasi inapiga mara 1,561 ndipo ivunjike. Ya chuma 250 tu. Kutengeneza mpya kunataka almasi tatu na vijiti viwili. Ukitaka kuihuisha iliyochoka, kila almasi inarudisha robo, kwa hiyo iliyokaribia kwisha inakula nne. Nne kwa tatu! Sururu tupu basi haifai kutengenezwa, hapo nakubaliana na mwenzangu. Hata mimi za chuma nikiwa nazo mbili mbovu naziunganisha ziwe moja, kama ninavyochomoa vipuri vya cherehani mbili zilizokufa nikafufua moja.

Yangu haikuwa tupu. Ilikuwa na uchawi wa Fortune daraja la tatu, ambao jiwe moja lenye almasi linaweza kukutemea hata nne. Uchawi huo niliubahatisha kwenye meza ya uchawi karibu wiki nzima. Kitu cha namna hiyo hukitupi, unakipeleka fuaweni.

Sasa fuawe hailipwi almasi peke yake. Inakula na leveli za uzoefu ulizochuma kwa jasho, na kila ukirudi na kifaa kilekile inakuongezea juu: leveli 1, kisha 3, 7, 15, 31. Gharama ikifika 40, maandishi mekundu yanakuambia ni ghali mno, ndiyo basi tena. Inahesabu safari, haiangalii ubovu ulikuwa mkubwa au mdogo.

Hilo sikulijua. Kibandani nawafokea wateja wanaosubiri mpaka mashine ilie kama mbuzi ndipo waniletee, wakati tone la mafuta kila wiki lingetosha. Nikaingia na tabia hiyo yangu ya kuwahi kwenye mchezo. Mstari wa kijani unaoonyesha uzima wa sururu ukianza tu kugeuka manjano, huyo fuaweni: almasi moja, naondoka kifua mbele. Mara sita. Ya saba, maandishi mekundu.

Mpwa wangu alicheka mpaka kipaza sauti kikakoroma. "Mjomba, umeimaliza kwa kuipenda." Akanieleza kwamba ningeiacha ishuke hadi nyekundu, niipe zote nne kwa mkupuo, safari moja. Au tangu mwanzo ningeitia Mending, uchawi ambao kila pointi ya uzoefu unayookota inakirudishia kifaa mapigo mawili, fuawe huioni tena.

Nilikuwa na zumaridi kasha zima. Nikamwendea mkutubi wa kijijini, nikanunua kitabu cha Mending, nikarudi mbio. Kumbe kitabu nacho kinatiwa kwenye fuawe ileile. Ghali mno.

Nimeshatengeneza nyingine, na kitabu kile nimekitia humo kabla haijapata hata mkwaruzo. Ile ya zamani imo kashani karibu na kitanda. Naitoa nikiona almasi tu. Mawe mengine yote inapiga mpya. Jana nimeitumia mara tatu. Yamebaki mapigo 91.

Fundi Cherehani,
Tabora