Dawa ya usingizi katika kipimo cha mapafu: kwa nini tunakuuliza maswali mengi

Wagonjwa wengi wanaokuja katika kliniki yetu hapa Malindi kupimwa mapafu kwa kamera huiogopa dawa ya usingizi kuliko kamera yenyewe. Wengi hudhani watatiwa nusukaputi kama ya upasuaji mkubwa, ilhali kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza tu, aghalabu midazolamu, pengine pamoja na fentanili, kidogo kidogo, mpaka asinzie huku akipumua mwenyewe na kuitika akiitwa. Aliyepita umri wa miaka 70 huanzishiwa kiasi kidogo zaidi. Koo nalo hutiwa ganzi ya lidokeini ili kikohozi kisimsumbue mpira mwembamba wenye kamera unapopita.

Linalotutia hadhari ni kwamba mpira huo hupita katika njia ile ile ya pumzi, na dawa hizo, hasa zinapochanganywa, huweza kupunguza kupumua. Kwa hiyo, mbali na daktari anayeshika kamera, lazima awepo mhudumu mwingine ambaye kazi yake ni kumwangalia mgonjwa tu. Kifaa kinachobanwa kidoleni hupima oksijeni kwa kupitisha mwanga, na bibi aliyetoka harusini na piko nyeusi vidoleni anaweza kukifanya kisisome sawasawa. Hapo tunakibana kwenye ndewe ya sikio. Rangi ya kucha tafadhali ifutwe nyumbani. Hata hivyo kifaa hicho huchelewa kutoa habari, kwa sababu mgonjwa anayepewa oksijeni puani anaweza kupungukiwa na pumzi na namba ikabaki nzuri kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana tunaangalia kifua kinavyopanda na kushuka, na tunatumia pia mashine inayopima hewa ya kaboni anayoitoa.

Dawa za kuzimua huwa tayari mezani: flumazenili dhidi ya midazolamu, naloksoni dhidi ya fentanili. Flumazenili lakini huisha nguvu mapema kuliko midazolamu, na usingizi unaweza kurudi. Mgonjwa aliyezimuliwa haruhusiwi kuondoka haraka hata akisema yu mzima kabisa.

Suala la chakula ndilo linalotuletea ubishi mwingi. Tunataka tumbo likae bila chakula kwa muda wa saa 6 na bila maji kwa muda wa saa 2, na chai ya maziwa tunaihesabu kuwa chakula. Mama akimwonea huruma mwanawe akampa hamri moja njiani, tunaahirisha kipimo, kwa kuwa mtu aliyesinzia na koo limekufa ganzi hawezi kujikinga kilichomo tumboni kikipanda na kuingia mapafuni. Mwezi wa Ramadhani, aliyemaliza daku saa kumi alfajiri tunampangia kuanzia saa nne asubuhi.

Tunauliza pia juu ya kukoroma sana usiku, pombe, miraa na muguka, vidonge vya usingizi, methadoni (dawa ya kuachia heroini) na unga, yaani heroini yenyewe. Jibu la kweli hubadilisha kiasi cha dawa tunachotoa, kwani methadoni na fentanili zikikutana hulemea pumzi kwa pamoja. Majibu hayo hayatoki chumbani, na ikiwa mzee wako amekaa kando nawe unaona haya, tuambie tu, tutamwomba asubiri nje.

Baada ya kipimo, usile wala usinywe mpaka ganzi ya koo iishe, kwa kawaida baada ya kama saa 2, kisha uanze kwa mafunda madogo ya maji. Kwa muda wa saa 24 usiendeshe gari, pikipiki wala mashua, na usitie sahihi hati yoyote, hasa ya shamba. Njoo na mtu mzima atakayekurudisha nyumbani na kulala nawe usiku huo. Bila yeye hatuanzi. Anayetoka Lamu tunamshauri alale Malindi kwa jamaa au gesti, asafiri kesho yake.